Nikisafiri nawapikia wenyeji wangu nisilipe gesti, ila safari hii kuna mtu kakosa mshahara

BARUA

Shikamoo Mama. Naomba usitoe jina langu. Mi ni mwalimu wa darasa la tatu kwenye shule moja ya praiveti hapa Dar, nina miaka 31, sijaolewa, kwetu Tanga. Hili jambo nimelibeba toka mwezi wa sita na kila ninaemgusia ananiambia nawaza sana, kwaiyo nimeona niandike kwako.

Kitu ninachokipenda kuliko vyote ni kutembea. Sio kutembea kwa kitajiri, mi ni basi na begi la mgongoni, nifike mji sijawahi kufika, niamke asubuhi nisikie watu wanasalimiana kivingine. Sasa mshahara wangu ni laki nne na nusu, toa kodi ya chumba, toa ya mama, kinachobaki unakijua mwenyewe. Kwaiyo nikajitafutia njia yangu. Sikai gesti wala sili hotelini. Natafuta mtu wa kufikia kwake, ndugu wa rafiki, mtu tuliesoma wote, yoyote yule wa kuaminika, alafu nikifika nashika jiko, nawapikia chakula cha kwetu.

Ilianza Mwanza 2021, nilifikia kwa dada yake mwalimu mwenzangu, siku ya pili nikaomba nipike sato wa nazi, wale watoto wakalamba sahani, yule dada akasema kaa mpaka uchoke mwenyewe. Nilikaa siku tisa natumia hela ya daladala tu. Nikasema nimepata dawa. Baada ya apo nimeenda Bukoba, nimeenda Mombasa, na mwaka jana nikafika Nairobi. Kabla ya safari napita sokoni kwetu Tanga nachukua bizari nzima, iliki, mdalasini, karafuu, pilipili manga na ukwaju, najaza kwenye vikopo vya siagi, huo ndio mtaji wangu.

Nairobi mwenyeji wangu ni mama mmoja wa Kikenya tuliekutana kwenye harusi Tanga, tumwite Mama Tito. Ana mume na watoto watatu, wanakaa ghorofani Donholm, na wana dada wa kazi, tumwite Nafula, binti wa Bungoma, miaka 23, yupo hapo mwaka wa pili sasa. Mwaka jana nilikaa siku kumi na ilikua raha Mama, nakwambia kweli. Mimi nakuna nazi Nafula anakamua, tunapiga stori, ana daftari lake dogo anaandika "tui ya kwanza, tui ya pili", Mama Tito akirudi kazini anasimama mlangoni kwenye lifti anasema harufu ameisikia toka chini. Nilivyoondoka walinisindikiza wote.

Mwaka huu mwezi wa sita nikarudi, siku kumi na sita. Nilipita Mombasa nikapanda treni ya SGR, tiketi ya kawaida 1,500 ya Kenya, Tsavo nikaona tembo wamekua wekundu kwa vumbi, nikafika nina furaha hata sijui nisemeje. Plani yangu ilikua nizunguke Nairobi vizuri, alafu siku mbili niende Naivasha nikaendeshe baiskeli pale Hell's Gate, kitu ambacho nimekiota miaka.

Siku ya pili asubuhi natoka kuoga namkuta Nafula mlangoni na mfuko wake wa shangazi kaja. Mama Tito akaniambia, "Nafula anaenda nyumbani kidogo apumzike, si wewe uko, utanisaidia na jikoni." Mi nikafurahi, nikajua kapewa likizo. Nikamsaidia kushusha mzigo. Kule chini Nafula akaniuliza, "Sasa wewe dada wanakulipa ngapi?" Nikacheka, nikamwambia silipwi mimi ni mgeni. Akasema haya. Akapanda boda.

Kuanzia siku hiyo naamka saa kumi na moja alfajiri, nipike uji na chapati za watoto kubeba shule, nioshe vyombo, mchana nipike, usiku nipike. Jumamosi wakaja wanawake wa chama chao, watu kumi na nne, pilau na samaki wa kupaka juu, nimechoma samaki kibarazani kwenye jiko la mkaa mpaka macho yamevimba. Hakuna aliyenilazimisha Mama, nisidanganye, kila mtu alikua anasema asante, baba mwenye nyumba ananiita "mwalimu wetu". Ila Nairobi nimeiona siku tatu. Naivasha sikufika.

Sasa siku mbili kabla sijaondoka, tupo jikoni, mi nakoroga tui la mbaazi, Mama Tito anafuta vikombe, akasema kwa furaha kabisa, "Unajua hii mwezi nimesevu elfu sita na mia nne? Nafula nitamlipa tu siku zenye alifanya." Nikaacha kukoroga. Tui likakatika lote, mbaazi zikaharibika, nikasingizia moto.

Nafula analipwa elfu kumi na mbili za Kenya kwa mwezi. Mwenyewe aliwahi kuniambia elfu saba anamtumia mama yake.

Nimerudi Dar, nikawa najisahaulisha. Sasa wiki iliyopita Mama Tito kanipigia, anataka niende Disemba wiki tatu, wakwe zake wanakuja kula krismasi kwao, Nafula ataenda kwao tena, nauli ya treni atatoa yeye na "kitu kidogo" atanipa. Nikipata hiyo naweza kuunganisha Kampala mpaka Kigali kabla shule hazijafunguliwa, safari ambayo kwa hela yangu siiwezi hata miaka mitatu. Mwalimu mwenzangu anasema nenda, mambo ya Nafula ni ya nyumba ya watu hayakuhusu. Mama yangu anasema mgeni siku mbili siku ya tatu mpe jembe, ila wewe mwanangu unaenda na jembe lako begani.

Na kuna kitu sijamwambia mtu. Nafula ana namba yangu. Wiki tano zilizopita alinitumia meseji, "Dada habari, ile mbaazi ya nazi unaweka tui saa ngapi, nataka niuzie watu hapa steji jumapili." Sijamjibu. Nikiifungua nasikia aibu nafunga.

Mama, mimi ndio niliekula mshahara wa yule binti? Nimwambie Mama Tito au ninyamaze? Niende Disemba? Na nikiacha kupika nitasafirije? Gesti ya kawaida Nairobi nimeuliza haipungui elfu mbili kwa usiku.

Mwalimu, Dar

JIBU

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma jana mchana nikairudia usiku, na sehemu niliyokaa nayo sana ni pale uliposingizia moto. Kwa sababu pale ulishajua, kabla kichwa hakijapata maneno mkono ulishajua, ukaacha kukoroga.

Ngoja kwanza nikurudishie nilivyokuelewa, nikikosea unirekebishe. Wewe unapenda safari na kipato chako hakiruhusu malazi, kwaiyo miaka kadhaa sasa unalipia malazi kwa mikono yako, na kwa muda mrefu kila mtu alikua anatoka na faida, mwenyeji anakula vizuri, wewe unalala salama, watoto wanalamba sahani. Nairobi mwaka huu hesabu ikageuka, kuna mtu wa tatu ambae hakukaa kwenye hayo makubaliano ndio amelipa. Na sasa umeitwa tena, kwa bei nzuri zaidi, na unaogopa kukubali na unaogopa kukataa. Sijakosea sana naamini.

Naanza na neno ambalo hujaliandika ila lipo chini ya barua nzima, kwamba unakaa bure. Mwanangu hukukaa bure. Gesti siku kumi na sita kwa elfu mbili ni shilingi 32,000 za Kenya, za kwetu ni laki sita na ushee, na mimi sikuambii hiyo ni hela ndogo kwa mtu wa laki nne na nusu. Kwa kazi ulizonitajia nakadiria haikupungua masaa sita kwa siku, ni masaa tisini na sita. Ukiangalia kwa hela tu ulipata, na pengine ulipata kuliko anavyopata Nafula kwa masaa hayohayo, hilo nalo ulitafakari. Ila hukutoka Dar kwenda kutafuta hela. Ulitoka kwenda kununua siku, siku za kuzurura na baiskeli ya Naivasha, na umerudi na siku tatu. Kwaiyo ukikaa na kalamu kupiga hesabu ya Disemba usiweke hela peke yake, weka na siku, andika ni ngapi zitakua zako kabisa, za kutoka asubuhi na kurudi jioni bila kuulizwa leo tunakula nini.

Alafu linganisha Mwanza na Nairobi, maana unaziandika kama ni mtindo mmoja na mimi naona ni mitindo miwili. Mwanza uliomba kupika. Na ungeamka siku moja umechoka, yule dada angepika mwenyewe na wewe ungekula. Hata Nairobi ya mwaka jana ilikua hivyo, wewe unakuna Nafula anakamua. Mwaka huu ungeamka na homa, watoto wa Mama Tito wangeenda shule bila kula. Ndio maana naona mwaka jana ulikua unapika na wenyeji, mwaka huu umewekwa mahali pa mtu alietolewa. Kazi ya namna hiyo hata ukiifanya kwa tabasamu ina jina lake na ina mshahara wake, na Nafula alikuuliza mshahara huo pale chini kabla hajapanda boda. Sidhani alikua anakusema. Nadhani alikua anataka kujua kweli, maana kwa anavyoijua yeye hiyo kazi, hakuna anaeifanya bila kulipwa.

Sasa swali lako, je wewe ndio umekula mshahara wake. Alieamua ni Mama Tito, wewe hukuombwa ushauri na wala hukujua, siku ile unashusha mzigo uliamini ni likizo. Na likizo ilikua haki yake. Sheria ya ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi aliemaliza miezi kumi na miwili siku 21 za kazi za mapumziko kwa mwaka, na analipwa mshahara wake wote, dada wa nyumbani nae ni mfanyakazi. Tena tangazo la serikali yao la Novemba 2024 liliweka kima cha chini cha mfanyakazi wa nyumbani mjini Nairobi kuwa shilingi 16,113.75 kwa mwezi, kwaiyo ile elfu kumi na mbili yenyewe ilikua pungufu toka mwanzo. Sikwambii haya ukampelekee Mama Tito kama kesi, na sisi huku kwetu tusijifanye wasafi, wadada wangapi tunawalipa chini ya hapo na wanalala chini jikoni. Nakwambia ili ujue kwamba kilichotokea kina uzito, hujaota, wale wanaosema unawaza sana hawajafungua daftari la Nafula.

Lakini naomba uangalie pia kama aibu haijakufanya umsahau Nafula mwenyewe. Toka mwezi wa sita unambeba kichwani kama mtu uliemdhulumu, na hapohapo yeye kakuandikia anataka kuuza mbaazi steji. Aliekuandikia ni mtu mwenye plani, na kakutafuta wewe kwa sababu unajua kitu anachokihitaji. Hujui anakuchukuliaje mpaka umuulize. Pengine ana kinyongo, pengine alishasahau, au yale mapumziko yalimpa wazo la kuondoka kwenye kazi za ndani kabisa. Sijui mimi, na wewe hujui.

Na Mama Tito. Nae nataka tumtazame kwa haki, maana barua haijamtukana na hilo limenipendeza, inaonekana unampenda. Ni mwanamke anaetoka alfajiri anarudi usiku, watoto watatu, maisha ya Nairobi yanavyobana. Alafu anakuja mgeni anaesema, na nina uhakika ulisema maana wapishi wote tunasema, jamani msijisumbue mimi kupika ni raha yangu. Alikuamini. Huenda kichwani mwake aliona amewafurahisha watu watatu kwa mpigo, wewe uko jikoni unakokupenda, Nafula yuko kwao na mama yake, na yeye kapata nafuu ya elfu sita. Kile alichokisema anafuta vikombe alikisema kwa furaha, hakukificha, na mtu anaejua anakosea huwa anaficha. Sijasema hakukosea. Nasema inawezekana hakuna mtu aliewahi kumwonyesha upande wa pili, na wewe ulikua na nafasi ukasingizia moto. Nakuelewa. Ukiwa chini ya paa la mtu mdomo unakua mzito, na hiyo ndio gharama ya kukaa kwa watu ambayo haionekani kwenye bajeti.

Haya, Disemba. Njia naziona kadhaa na kila moja ina mwiba wake.

Unaweza kwenda, ila ukazungumza kabla hujakata tiketi. Sio kwa meseji, piga simu, tena jioni akiwa ametulia. Umwambie dada yangu nakuja, ila nakuja kutembea, nitapika siku hii na hii, krismasi yenyewe nipo na wewe jikoni toka asubuhi, siku zingine nahesabu mimi ni mgeni kama wakwe zako. Wazungu wanaojitolea kwenye mashamba kwa chakula na kulala wana mtandao unaitwa WWOOF, ulianza Uingereza 1971, na kinachowasaidia ni kuelewana mapema kazi ni masaa mangapi kwa siku na siku za kupumzika ni zipi. Sisi tunaona aibu kupangiana masaa na watu wetu, tunaona kama ni uchoyo, alafu tunarudi nyumbani na kinyongo. Mwiba wa njia hii ni kwamba anaweza akasema sawa, ukifika Nafula kashaondoka na wakwe wako sebuleni, na wewe ninavyokusoma hutaweza kukaa kwenye kochi watu wana njaa. Ukiichagua, jiulize kama utaweza kuisimamia siku ya nne.

Kuhusu hicho "kitu kidogo", nenda nacho taratibu sana. Nauli mtu anaweza kumtumia mgeni wake, ni ukarimu. Ila ukishapokea hela kwa kupika wiki tatu umekua mfanyakazi, na Mtanzania anaevuka mpaka wa Horohoro kuingia Kenya kwa matembezi anagongewa ruhusa ya matembezi, sio ya kufanya kazi ya kulipwa. Na kwenye urafiki ni hivyohivyo. Akikulipa atakua na haki ya kukwambia chumvi imezidi, na wewe hutakua na haki ya kwenda Naivasha.

Unaweza kumgusia habari ya Nafula. Hapa nakuomba usimame kidogo kabla hujaongea, kwa sababu mwiba wa hapa haumchomi Mama Tito wala wewe. Ukisema Nafula alikatwa mshahara na sio vizuri, wazo la kwanza litakalomjia mwenye nyumba ni kwamba Nafula kaenda kulalamika kwa mgeni. Wewe uko Dar, atakaebaki nae jikoni ni Nafula. Kwaiyo kama utasema, muulize Nafula kwanza kama anataka. Akisema hapana, heshimu. Na kama utasema, anza na la kwako, kwamba mimi mwezi wa sita nilidhani ni likizo ya malipo na ningejua ningekuja wakati mwingine, na Disemba nisingependa kuja kwangu kumpunguzie mtu riziki. Hayo ni maneno yako, hayamtaji Nafula kama mlalamikaji. Kuna uwezekano akachukia. Kuna uwezekano pia akanyamaza, akalipa Disemba yote, na asikwambie kamwe.

Na unaweza kutokwenda. Ukamwambia mwaka huu nina plani nyingine. Utampoteza? Sijui. Utapoteza Kampala na Kigali kwa mwaka huu, hilo ni kweli na linauma, sitaki kulifanya dogo, miaka mitatu ya kuweka akiba ni mingi. Lakini swali la kama utasafiri tena bila kupika mimi naona umeliweka kama vile ni kupika kote au kutopika kabisa, na katikati pana nafasi kubwa. Siku nne tano kwa mwenyeji na siku zinazobaki chumba cha kupanga chenye jiko, ukanunua vitu sokoni ukajipikia mwenyewe, hapo umekwepa bei ya hotelini bila kuingia jikoni kwa mtu. Kwa mwenyeji pika mara mbili, siku ya pili na siku ya kuondoka, alafu wajazie gesi. Hili la gesi wageni wengi hatulifikirii, tunanunua nyanya na mchele tunaona tumemaliza, na mbaazi zinachemka masaa mawili kwenye mtungi wa kilo sita wa mwenye nyumba. Nauliza tu, kwa Mama Tito mtungi ulikua unajazwa na nani?

Nikupe na langu. Zamani nilipokua mdogo kuliko wewe nilikaa kwa shangazi wa mume wangu Moshi karibu mwezi, nikawa napika kila siku kwa moyo mweupe, na katika kupika nikahamisha kopo la chumvi kutoka rafu ya juu nikaliweka karibu na jiko, ndio nilivyozoea. Siku moja nikamkuta yule mama amesimama kwenye rafu anapapasa, anapapasa pale palipokua na chumvi yake miaka ishirini. Hakusema kitu. Na mimi siku ile ndio niligundua kwamba toka nimefika hajapika hata mara moja kwenye nyumba yake, na hakuna aliemuuliza kama amepumzika au ameondolewa. Nilirudisha kopo. Nikaanza kukaa kwenye kigoda namenya vitunguu anavyoniambia yeye, na hapo ndio akaanza kuniambia habari za ujana wake. Sidhani ningezisikia nikiwa nimeshika mwiko.

Kwaiyo mwanangu sikwambii nenda wala usiende. Zungumza na Mama yako tena, yule wa jembe begani, muulize alimaanisha nini hasa, maana nahisi anaona kitu kuhusu wewe ambacho mimi kwa barua moja sikioni, kwa nini ukifika kwa watu huwezi kukaa tu ukapokelewa. Una muda bado, Disemba haijafika na tiketi hujakata.

Ila meseji ya Nafula haihitaji kungoja hayo yote. Mjibu leo. Ukitaka kumwomba radhi utaona mwenyewe ukishaanza kuandika, lakini kwanza mjibu alichouliza, maana kuna watu Jumapili watakua steji wana njaa. Mwambie azichemshe mbaazi na maji mpaka zibonyee kwa kidole, hapo ndio atie tui la pili na kitunguu na pilipili yake nzima, ziive nalo. Tui la kwanza liingie mwisho moto ukiwa mdogo, na akishalitia asiache kukoroga mpaka lichemke.